Kulungu wa Sajini Plourde

Sehemu ya saba

Kwa heshima na taadhima isiyo na kifani, mbele ya wasomaji wetu watukufu, wenye miwani na wasio na miwani, tunayo furaha kutangaza kwamba wiki hii, katika mji wa Sainte-Odile, kaskazini kabisa mwa jimbo la Maine, Marekani, haki itatendeka. Mwenye kosa atatajwa kwa jina lake. Pingu zitalia. Wakosefu watasaga meno hadharani.

Tangazo hilo liliandikwa kabla sehemu yenyewe haijaandikwa. Naomba mlisome kwa huruma. Naongeza tu kwamba gazeti hili halifiki Sainte-Odile, jambo ambalo hunipa ujasiri mkubwa.

Turudi tulipoishia. Ni mchana, watu wote wako mashambani wanavuna viazi, na Solange Cyr yuko peke yake ndani ya karakana iliyofungwa, mkono juu ya turubai. Mnakumbuka kwa nini. Jumanne jioni baba yake, mzee Alcide, aligongwa na gari akitoka shambani, akaachwa mtaroni kama gunia lililodondoka. Mpaka leo amelala hospitalini, hajafumbua macho. Na Sajini Rosaire Plourde wa polisi anasema kwamba jioni hiyohiyo, kwenye barabara hiyohiyo, yeye aligonga kulungu.

Chini ya turubai lile limo gari la Sajini. Solange alikunja vidole alivute. Nyuma yake, taa ikawashwa.

"Ukiligusa hilo, Solange, mimi na wewe tutakosana."

Hakuwa Sajini. Alikuwa mbaya zaidi: Lucien Cyr, fundi wa magari, mdogo wake Alcide, baba mmoja mama mmoja. Kwa mkono mmoja alishika mkate aliokuwa akila.

"Baba mdogo! Unanitisha hivyo kwa nini?"

"Karakana ni yangu. Anayetisha ni yule anayeingilia dirisha la choo."

"Ningebisha hodi ungenifungulia?"

"Nisingekufungulia."

"Basi dirisha la choo lina utu kukuzidi."

Akalivuta turubai.

Taa ya kulia ilikuwa imevunjika. Boneti imebonyea. Kioo cha mbele kina nyufa zilizotawanyika kama utando wa buibui. Lakini Solange alitazama kwanza pale ambapo mtu yeyote wa bonde hili angetazama: kwenye wavu wa mbele, chini ya boneti. Kulungu akigongwa huacha manyoya.

"Manyoya yako wapi?"

"Nimeosha."

"Wewe ulipogonga kulungu, mama mdogo alikuwa akichomoa manyoya kwenye gari mpaka Pasaka."

"Hili nimeliosha vizuri."

"Nani alikwambia uoshe?"

Lucien akauma mkate wake ili asijibu. Magari yote ya polisi wa Sainte-Odile hutengenezwa kwake, na kwake peke yake.

Solange akapiga magoti. Akaingiza kidole kwenye wavu, akapapasa nyuma ya chuma ambako maji ya mpira hayafiki. Akatoa uzi mmoja wa sufu. Wa rangi ya chungwa.

Msimu wa kuwinda umeanza, na msimu huo huku kwetu hata mbwa huvalishwa rangi ya chungwa, wawindaji wasije wakamdhania kulungu. Kofia ya mzee Alcide ilikuwa ya rangi hiyo, kali ya kuumiza macho, na ilikutwa mtaroni kando yake imechanika upande mmoja. Aliifuma marehemu mkewe.

Wote wawili waliutazama uzi.

"Baba mdogo, huu unaujua."

"Siujui."

"Umeutazama miaka yote hii kichwani mwa kaka yako."

"Hebu nipe nione vizuri."

Akampa. Hapa, wasomaji, nilitamani kuingia kwenye karatasi nimshike mkono. Lucien aliutazama uzi ule kwenye mwanga, akatembea mpaka kwenye jiko la kuni lililo pembeni, akafungua kijimlango chake, akautupa ndani. Haukutoa hata moshi.

Solange alimrukia. Alichelewa.

"Ni kaka yako!"

"Kaka yangu nitamuuguza, na Mungu akipenda nitamzika. Lakini karakana hii ikifungwa, nani atanilisha? Wewe?" Alikuwa akilia, na mkate bado umo mdomoni. "Nenda kwa Mkuu, mwanangu. Mkuu Gagnon ni mtu wa haki. Alimsoma mama mkwe wake!"

Ni kweli. Alimsoma.

Kila Jumamosi asubuhi, baada ya hali ya hewa na bei ya viazi, Mkuu wa polisi Ludger Gagnon huketi mbele ya kipaza sauti cha redio yetu ndogo na kusoma mambo ya wiki. Aliyekamatwa, anayeshukiwa, aliyeonywa: jina, umri, mtaa. Sainte-Odile nzima husikiliza huku ikila chapati za ployes zenye siagi, na hakuna raha kama kusikia mtaa wako ukitajwa kisha nyumba ikawa ya jirani. Padri Thériault alisomwa kwa kuangusha sanduku la barua kwa gari lake. Mwalimu mkuu alisomwa kwa kukojoa nyuma ya benki. Na mama mkwe wa Mkuu alisomwa kwa kumwacha mbwa wake bila kamba, hata Mkuu akala Krismasi peke yake. Tangu siku hiyo ana msemo wake: "Kwenye redio yangu hakuna mkubwa."

Solange hakutaka fidia. Hakuota hata kumwona mtu jela. Alitaka kitu kimoja tu: Jumamosi, baada ya bei ya viazi, asikie Rosaire Plourde, umri wake, mtaa wake. Kama mtu mwingine yeyote.

Kwa hiyo akaenda kwa Mkuu.

"Karibu, binti yangu, keti. Mzee anaendeleaje?"

"Hajafumbua macho. Mkuu, ni kweli mlimpima pombe?"

"Ndio utaratibu."

"Mtu amezimia, mkamtoa damu mkaipima."

"Alikuwa amekunywa bia, Solange. Nasikitika kukwambia."

"Kila anayetoka kuvuna anakunywa bia. Na Sajini mlimpima?"

"Sajini alikuwa na mshtuko. Alikwenda nyumbani kupumzika."

"Kwa hiyo aliyezimia mkampima, na aliyesimama wima mkamwacha akalale."

Mkuu akacheka puani. "Una ulimi wa marehemu mama yako. Alikuwa akinitoa jasho kwenye bingo."

"Waite polisi wa jimbo, Mkuu. Hii ni kesi ya nyani, na ngedere wote wako ofisini humu."

"Nimewapigia. Waliniuliza kama kuna mtu anayeshukiwa. Nikawaambia kuna kulungu."

"Hakuna kulungu."

"Una ushahidi gani?" Akainamia meza, sauti ikawa laini. "Nasikia ulikuwa na uzi. Uko wapi huo uzi?"

Solange akaitazama simu ya mezani. Kutoka karakana mpaka hapa alitembea moja kwa moja, hakupita popote, na habari ilikuwa imemtangulia.

Hapo mtu mwoga angeaga. Solange si mwoga, na ndilo tatizo lake. Alikuwa na karata moja iliyobaki, karata nzuri kuliko zote, na akaiweka mezani uso juu.

"Nyama iko wapi?"

"Nyama gani?"

"Ya kulungu wa Sajini. Mtu wa hapa akigonga kulungu huwaita ninyi, mnampa kibali, anakwenda zake na nyama. Maini anampelekea jirani. Mama Bérubé na Sajini wanaishi pua na mdomo, na mama wa watu hajaona hata kipande cha ini. Tangu lini mtu wa bonde hili akaacha nyama barabarani, Mkuu? Mimi nikigonga kulungu nitalia, lakini nitalia huku namchuna."

Tabasamu la Mkuu likakauka. Aliinuka, akafunga dirisha, akarudi, akakaa.

"Hili umemwambia nani mwingine?"

"Wewe wa kwanza."

"Umefanya vizuri sana." Akachukua kalamu. "Ni swali zuri, Solange. Zuri kabisa. Sikuwa nimelifikiria."

"Utamsoma Jumamosi?"

"Jumamosi nitasoma kila kilichothibitika. Kwenye redio yangu hakuna mkubwa."

Solange alitoka pale akiwa na kitu kinachokaribia tabasamu. Njia nzima alijiambia kwamba mtu aliyemsoma mama mkwe wake hashindwi kumsoma sajini. Masikini. Alikuwa amemwonyesha mwenye nyumba ufa uliomo ukutani, na mwenye nyumba alikuwa na saruji.

Ijumaa jioni kulikuwa na chakula cha kufunga mavuno katika ukumbi wa kanisa. Hakuna anayekosa. Kila familia huleta gunia la viazi, na gunia la akina Cyr lilikuwa limeletwa na mzee Alcide mwenyewe kabla ya Jumanne ile. Solange alikwenda kwa ajili ya gunia hilo.

Harufu ilimpokea mlangoni. Vitunguu, majani ya viungo, nyama.

Padri Thériault akagonga glasi kwa kijiko. "Ndugu zangu, kabla ya sala, tumpigie makofi Sajini Plourde. Pamoja na mshtuko alioupata, ametutolea kulungu wake mzima!"

Makofi yakapigwa. Solange hakusikia mengine.

Sajini Plourde alikuwa nyuma ya sufuria kubwa, amevaa aproni ya maua juu ya sare. Ni mtu mnene mwenye sauti ya upole, anayewafundisha watoto wa mji mchezo wa magongo kwenye barafu, na watoto wanampenda. Foleni ikasogea. Ikafika zamu ya Solange.

"Pole na mgonjwa," Sajini alisema, akipakua. "Nikuongeze viazi? Ni vya kwenu."

"Ulisema kulungu alikuwa wapi tangu Jumanne?"

"Alikuwa ananing'inia ghalani kwangu. Nyama nzuri haitaki haraka. Na maini nimempelekea Mama Bérubé. Mshtuko ule, dada, nikasahau hata ujirani. Si nimekuletea, mama?"

Mama Bérubé, mwanamke mdogo aliyesimama nyuma ya Solange, aliitazama sahani yake tupu. "Nimeyapata."

"Lini, mama?" Solange akamgeukia.

"Nimeyapata tu, mwanangu. Songa mbele, watu wana njaa."

Solange akaenda kuketi. Aliiangalia nyama ile kwa muda mrefu. Kisha akashika kijiko, kwa sababu moja tu: ulimi wake ndio ulikuwa shahidi pekee aliyebaki.

Akatafuna. Akaacha kutafuna.

Kuna ladha ambayo kila mtoto wa bonde hili anaijua kabla hajajua kusoma. Ni ladha ya mwisho wa kiangazi, wakati jokofu limebakiwa na vipande vya chini kabisa, vile vilivyokauka kingo na kuwa vyeupe kama chaki. Hakuna kitunguu kinachoificha wala jani linaloiondoa. Hiyo haikuwa nyama ya Jumanne. Ilikuwa nyama ya Novemba iliyopita.

Akainua kichwa.

Katika ukumbi mzima taya zilikuwa zikipunguza mwendo. Meza moja, kisha ya pili, kama mashine inayokatiwa umeme polepole. Padri alikuwa ameweka tonge shavuni na halimezi. Mama Bérubé alifumba macho. Lucien, baba mdogo, alishusha kijiko chake mezani taratibu, na uso wake ukawa uso wa mtu anayetaka kusimama. Ukumbi ulikuwa umejua. Ulijua wote kwa pamoja, midomo imejaa.

Solange akasimama yeye.

"Hii nyama ni ya mwaka jana," alisema. Hakupaza sauti. Hakukuwa na haja. "Nani ataniambia siyo?"

Hakuna aliyemwambia siyo. Na hakuna aliyesema ndiyo. Nyuma ya sufuria, upawa wa Sajini ulibaki hewani, ukidondosha mchuzi. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, Rosaire Plourde alikuwa na uso wa mtu anayeshukiwa.

Lucien akafungua mdomo.

Hapo, kutoka meza ya nyuma, mtu mmoja, ambaye jina lake halina umuhimu katika hadithi hii, akasema: "Jamani, nipitishieni chumvi."

Chumvi ikapita. Mkono ukaupa mkono, meza ikaipa meza. Mtu akacheka. Mwingine akasema mvua itanyesha Jumapili. Vijiko vikarudi kazini, na sauti ya vijiko mia moja ni sauti kubwa, Solange hakuweza kuipita. Lucien akafunga mdomo, akachukua kijiko chake, akala.

Akala yote.

Jumamosi Solange hakupika ployes. Alikaa jikoni na redio, mikono juu ya meza. Bado alikuwa na tumaini, msimcheke. Mtu haachi tumaini kama anavyovua koti.

Hali ya hewa: baridi na mawingu. Bei ya viazi: imeshuka. Kisha Mkuu akakohoa, kama kawaida yake.

"Wapenzi wasikilizaji, mambo ya wiki. Kwenye redio hii hakuna mkubwa." Karatasi ikasikika. "Alcide Cyr, miaka sitini na minane, Barabara ya Violette. Kutembea barabarani akiwa amelewa na kuhatarisha wenye magari."

Solange akaisogeza redio karibu.

"Solange Cyr, miaka thelathini na minne, Barabara ya Violette. Kuingia karakana ya mtu kwa kupitia dirisha bila ruhusa. Mlalamikaji ni Lucien Cyr."

Mahali fulani katika mji, najua, watu walisema "eeh!" na kuongeza siagi.

"Na mwisho. Jumanne jioni, gari moja liligonga kulungu. Hakuna kosa lililotendeka. Nyama ililiwa katika ukumbi wa kanisa, na ukumbi mzima ni shahidi. Endesheni vizuri, msimu wa kulungu umeanza. Asanteni."

Muziki wa fidla ukaingia.

Solange akaizima redio. Alisikia saa ya ukutani, kisha alisikia viatu vizito kibarazani. Hodi ikapigwa kwa adabu.

Akafungua. Sajini Plourde alisimama pale na sare yake, amepakata bakuli lililofunikwa kwa kitambaa safi.

"Mabaki," alisema. "Nimeona mzee akiamka atapenda kitu cha nyumbani."

"Una moyo wa namna gani, Rosaire?"

"Wa kawaida." Hakuonekana kama anajigamba. Alionekana amechoka. "Sikiliza, dada. Mimi na wewe tulikwenda shule moja. Sikuja kukukejeli. Nimekuja kukwambia uache, kwa faida yako. Unadhani ni Mkuu anayenificha? Mkuu ni mtu mmoja. Jana watu wote walionja. Niliwaona. Nilidhani nimekwisha, nikaanza hata kuvua aproni."

"Ulikuwa unataka kusema?"

"Nilikuwa nimeshafungua mdomo." Akatazama bakuli. "Sijui ningesema nini. Halafu wakaendelea kula. Sasa mimi nitasema kwa ajili ya nani?"

Solange akashika mlango.

"Sema sasa. Niko peke yangu hapa. Ulimgonga baba yangu?"

Sajini alimtazama usoni. Mashavu yake manene yalisogea. Kwa muda mfupi sana, ninaapa, jibu lilikuwa mlangoni mwa meno.

"Niligonga kulungu," alisema. "Nitajie mtu mmoja ambaye hakumla."

Solange alifikiri. Alizipitia meza zote kichwani, mtu kwa mtu. Alijifikiria mwenyewe, na lile tonge moja alilolimeza. Kisha akakunja uso, kama mtu aliyekumbuka kitu.

"Nani aliomba chumvi?"

"Eh?"

"Walikuwa wameacha kutafuna. Wote. Baba mdogo alikuwa anafungua mdomo. Wewe unavua aproni. Kingebaki kimya kile kidogo tu, mtu angesema. Nani aliomba chumvi?"

Sajini Plourde alicheka, na kilikuwa kicheko cha kweli, cha kwanza wiki nzima.

"Hukumwona? Si yule kijana wa akina Daigle, aliyerudi kutoka shule ya bweni kwa likizo ya mavuno. Mpole kweli, alinishukuru kwa sahani ya pili. Nasikia anatuandika sote kwenye gazeti la mbali, kila mtu kwa jina lake." Akaliweka bakuli kizingitini, akavaa kofia yake. "Muulize kama na yeye yumo."

Wasomaji watukufu.

Hayumo. Yaani, hakuwamo. Niliwaandikia "mtu mmoja" na ninyi mkapita bila kuuliza, kama Mkuu anavyosema "gari moja" na mji ukaongeza siagi. Niliijua ile ladha kabla sijaimeza. Hakuna aliyenitisha. Hakuna aliyenikonyeza. Kimya kile kilikuwa kizito mno, nikataka mtu aseme neno, lolote, na neno la kwanza lililonijia lilikuwa chumvi. Mbele yenu, kurasa hizi zote, nimekuwa simba. Mbele ya sahani nilikuwa na njaa.

Basi na isomwe kama inavyosomwa ya kila mtu. Firmin Daigle, miaka kumi na saba, Barabara ya Kanisa. Kuomba chumvi.

Sasa nimesema, na nilidhani nitajisikia vizuri.

Kutoka dirishani kwetu barabara inaonekana mpaka mwisho wake. Solange Cyr anakuja, bila haraka, bila koti, kichwani amevaa kofia ya rangi ya chungwa iliyochanika upande mmoja. Ameipita nyumba ya kwanza. Ameipita ya pili. Amefungua lango letu.

Anabisha hodi.

Mama ananiuliza kutoka jikoni ni nani huyo, na anataka nini kwetu asubuhi hii.

Nimemjibu: mtu mmoja.